Mdhamini aliyekimbia

Ijumaa jioni mpwa wangu aliingia nyumbani, akatua begi kwenye mkeka, akasema Jumatatu saa mbili asubuhi wana mtihani wa historia ya Ulaya. Vita vikuu vyote viwili, maswali mawili, saa moja na nusu. Yuko kidato cha sita, huku Uganda tunaita S.6. Ni binti wa dada yangu na amelelewa hapa kwetu Bombo tangu akiwa mdogo. Mimi mjomba wake ndiye ninayelipa karo na kusaini ripoti. Nikamwambia alete daftari.

Daftari lilikuwa safi mno. Wino wa bluu kwa maelezo, mwekundu kwa vichwa. Sababu za Vita Vikuu vya Kwanza zilikuwa kumi na mbili, kila moja na mistari yake miwili. Nikalifunga, nikamwambia azitaje. Alizitaja zote kwa Kiingereza bila kukwama, kama mtoto wa madrasa anayesoma juzuu aliyoihifadhi. Nikamuuliza, "Sasa hiyo ya tatu imeizaa vipi ya nne?" Akanyamaza.

Ukimya ule ninaujua. Mimi pia nilisoma historia hadi S.6, na insha yangu ya mwisho kabla ya mtihani wa taifa ilirudi na alama 9 kati ya 25. Nilikuwa nimejaza kurasa sita. Mwalimu aliandika chini, kwa mwandiko mdogo: "Umeorodhesha. Swali halikuomba orodha." Niliichana karatasi ile kwa hasira njiani. Imenichukua miaka mingi kukubali kwamba alisema kweli, na sikutaka binti huyu naye asubiri hivyo. Maswali ya vita hivi karibu yote huja kwa sura moja: jambo fulani lilichangia kwa kiasi gani? Ukijibu kwa orodha, umejibu swali ambalo hakuna aliyekuuliza.

Basi nikaweka sharti. Mpaka Jumapili adhuhuri hakuna Kiingereza. Kila kitu kisemwe kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya mama yangu, yaani bibi yake. Mpwa wangu alipinga, akasema mtihani utaandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, lakini nimeliona hili mara nyingi: neno moja refu la Kiingereza linaweza kusimama mahali pa hoja nzima, na ukilipasua ndani hukuti kitu. Kwa Kiswahili inakubidi useme nani alimfanyia nani nini. Na kwetu Kiswahili si lugha ya kuazima. Sisi ni Wanubi, nyumbani tunasema Kinubi na Kiswahili, na mji huu ulikua kando ya kambi ya Keya, wale askari Waafrika wa jeshi la Waingereza, King's African Rifles. Mama alizaliwa ndani ya lugha hiyo.

Jumamosi tukahamia kibandani kwangu, ninapotengeneza simu na taa za sola. Mlango wa kibanda ni wa chuma, nimeupaka kijani, na ukiufungua kwa nje unakuwa ubao mzuri sana. Nilimpa chaki. Nilimwambia asianze 1914, aanze 1871, siku Wajerumani walipotangaza dola yao ndani ya kasri la Versailles, nyumbani kwa Wafaransa waliowashinda. Asipoweka mwaka huo juu, hataelewa kwa nini mwaka 1919 Wafaransa waliwarudisha Wajerumani kwenye kasri lile lile kutia saini mkataba wa amani. Akaandika nani alipatana na nani: 1879, Ujerumani na Austria-Hungaria. 1882, Italia anaingia, wanakuwa watatu. 1894, Ufaransa na Urusi. 1904, Uingereza na Ufaransa. 1907, Uingereza na Urusi. Kisha akashuka hadi mwaka 1914 na hapo nikamwambia aachane na miaka, ahesabu siku.

Tarehe 28 Juni, Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, anauawa Sarajevo na Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia. Tarehe 23 Julai, Austria-Hungaria inaipa Serbia saa 48 kukubali masharti yake. Tarehe 28 Julai, vita. Tarehe 1 Agosti, Ujerumani dhidi ya Urusi. Tarehe 3, Ujerumani dhidi ya Ufaransa. Tarehe 4, Wajerumani wamo ndani ya Ubelgiji na Uingereza imeingia vitani. Mpwa wangu alirudi nyuma hatua mbili, akautazama mlango, akasema, "Kumbe ni wiki moja tu." Alikuwa amesoma habari hizi mihula miwili na ndiyo kwanza aione wiki hiyo.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi akimenya karanga. Akauliza, bila kuinua macho, "Ameuawa mtoto wa mfalme wa Austria. Mwingereza amehusikaje?"

"Kwa sababu ya miungano, bibi."

"Miungano ndiyo nini?"

Binti akaanza maelezo ya daftarini, akakwama, akaanza tena. Nilitaka kumsaidia nikajizuia. Halafu akakumbuka kikundi cha akiba cha mama. Kina mama wa mtaa wetu hukutana kila Jumatano, wanakopeshana, na kila anayekopa lazima awe na wadhamini. "Ni kama kikundi chenu," akasema. "Mnadhaminiana. Mmoja akishindwa, wengine wanalipa."

Mama akaelewa papo hapo. "Kwa hiyo Austria ndiye aliyekopa, Ujerumani akaweka dole gumba."

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Mwanzoni mwa Julai 1914 Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, aliwaahidi Waaustria kwamba atasimama nao kwa lolote watakaloamua kuhusu Serbia. Hakuuliza kiasi. Vitabu vyote vya shule vina habari hiyo, lakini sijawahi kuisikia ikisemwa wazi kuliko pale kwenye benchi. Mama akaendelea, akipanga karanga mbili mbili kwenye ungo: huyu wa Serbia ana nani? Ana Urusi. Urusi ana nani? Ana Ufaransa. Na upande wa Ujerumani wako wangapi? Watatu: Ujerumani, Austria-Hungaria, Italia.

"Italia naye alilipa?"

Mpwa wangu akafungua kinywa, akakifunga. Akalifuata daftari, nami sikumkataza. Italia haikulipa. Agosti 1914 ilisema mkataba wao ulikuwa wa kujilinda, na kwa kuwa Austria-Hungaria ndiyo iliyoanza kushambulia, yenyewe haiwajibiki. Ikakaa pembeni. Mwaka uliofuata ikaahidiwa ardhi kwa mkataba wa siri London, na Mei 1915 ikaingia vitani upande wa pili, dhidi ya wale wale iliokuwa imeungana nao miaka thelathini na zaidi.

"Mdhamini amekimbia," akasema mama, na akaanza kutusimulia habari ya mwanamke mmoja wa kikundi chao aliyehama usiku akamwachia yeye deni la shilingi laki mbili. Ni habari ndefu na bado inamuuma. Mimi nilikuwa namtazama mpwa wangu. Alikuwa amesimama na chaki mkononi, hasikilizi tena.

"Mjomba," akasema polepole, "kama Italia aliweza kukataa, basi mkataba haukumlazimisha mtu."

Hapo ndipo insha ilipozaliwa. Nilimwambia aendelee, atafute mwingine. Akaenda kwa Uingereza. Yale makubaliano ya 1904 na Ufaransa yalimaliza ugomvi wao wa makoloni, hasa Misri na Moroko. Hayakuwa ahadi ya kupigana. Ahadi iliyoandikwa ilikuwa ya Ubelgiji, mkataba wa 1839 wa kulinda kutopendelea upande kwa nchi hiyo. Na nyuma ya ahadi hiyo kulikuwa na hofu ya manowari za Ujerumani na ya kumwona Mjerumani akikaa kwenye pwani inayotazamana na Uingereza. Akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: ALIYESAINI HAKUJA, ASIYESAINI AKAJA.

Lakini sikumruhusu aishie hapo, maana angeandika kwamba miungano haikuwa na maana, na huo nao ungekuwa upofu. Nikamuuliza kwa nini ugomvi wa Austria na Serbia ulipeleka jeshi la Ujerumani Ubelgiji, mahali ambapo hakuna Mserbia hata mmoja. Alikaa nalo muda mrefu. Tulikunywa chai na gurusa, mteja akaja kuchukua simu, akaondoka. Mwishowe akafika. Kwa kuwa Urusi na Ufaransa waliungana, majenerali wa Ujerumani waliogopa kupigana pande mbili kwa wakati mmoja. Wakapanga kumpiga Mfaransa kwanza, kwa kupitia Ubelgiji, wammalize kwa muda wa wiki sita hivi, kisha wapakie majeshi kwenye treni kumgeukia Mrusi, waliyemdhania mzito wa kujikusanya. Kwa hiyo Mrusi akianza tu kuita askari wake, saa ya Mjerumani imeanza kuhesabu. Miungano haikumburuta mtu vitani kwa kamba. Iliwafanya wapange vita kwa namna ambayo vita vidogo haviwezekani tena. Hiyo ndiyo hoja yake, aliifikia mwenyewe, na wala haikuwemo kati ya zile sababu kumi na mbili.

Alasiri nilimpeleka kwenye jambo ambalo mtihani wa Ulaya hauulizi. Sioni aibu kwa hilo. Tarehe 8 Agosti 1914, siku nne tu baada ya Uingereza kuingia vitani, manowari ya Kiingereza ilikuwa inapiga mizinga Dar es Salaam, wakati huo mji wa koloni la Wajerumani. Novemba mwaka huo Waingereza walishindwa vibaya Tanga. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huko, na askari wake, wengi wao Waafrika, walizungushana nao miaka minne, na wakati Ulaya silaha zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918 saa tano asubuhi, yeye alikuwa bado porini. Alisalimu amri tarehe 25 Novemba huko Abercorn, leo Mbala, Zambia. Askari wanatajwa kidogo, wapagazi hawatajwi kabisa, ingawa walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao limebaki sokoni: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni lile lile jina la Kiingereza la wapagazi wa jeshi, likiwa kinywani mwetu. Mpwa wangu amewahi kupita Kariokor akiwa safarini na hakujua. Nilimwona akiinamisha kichwa.

Usiku ikanyesha mvua kubwa. Asubuhi ya Jumapili sehemu ya juu ya mlango, iliyo chini ya ukingo wa bati, ilikuwa salama hadi 1918. Kuanzia 1919 kwenda chini, yale aliyoyaandika jioni kabla hatujafunga, hakuna kitu, kijani kitupu. Alitaka kulia. Nikamwambia hii ni bahati, aandike upya bila daftari.

Akaandika: tarehe 28 Juni 1919, Mkataba wa Versailles. Akasimama, akatazama juu, akaona tarehe 28 Juni 1914. Miaka mitano kamili tangu Sarajevo. Tarehe hiyo hataisahau tena, na mimi sikumwonyesha.

Kuhusu Versailles mama aliuliza swali ambalo wanafunzi wengi hawajiulizi: mtu aliyeshindwa, akanyang'anywa makoloni, akatozwa fidia ya mark za dhahabu bilioni 132, amepata wapi nguvu ya kupigana tena baada ya miaka ishirini? Jibu linapita Marekani. Mwaka 1924 mpango wa Dawes ulileta mikopo ya Kimarekani, Ujerumani ikapumua. Mwaka 1929 soko la hisa la New York likaanguka, wakopeshaji wakataka chao, viwanda vikafungwa, na kufikia 1932 Wajerumani wapatao milioni 6 hawakuwa na kazi. Januari 1933 Hitler akawa Chansela, yaani mkuu wa serikali. Mwaka 1935 akarudisha jeshi la lazima waziwazi, Machi 1936 akapeleka askari Rhineland, eneo la mpakani ambalo mkataba ulimkataza kuweka jeshi, na hakuna aliyemzuia. Anayeandika kwamba Versailles peke yake ilileta Vita Vikuu vya Pili ameruka miaka hiyo ya kati. Mwaka 1928 chama cha Hitler kilipata chini ya asilimia 3 ya kura, na mkataba ulikuwa ule ule.

Kisha tukafika Ethiopia, na hapa nakiri tulikaa kupita kiasi. Vitabu vingi vinaipa mstari mmoja: Ligi ya Mataifa ilikuwa dhaifu. Ligi ni ile jumuiya ya mataifa iliyoundwa baada ya vita vya kwanza kulinda amani. Oktoba 1935 Mussolini, mtawala wa Italia, alivamia Ethiopia, nchi mwanachama wa Ligi. Ligi ikaiwekea Italia vikwazo, lakini si vya mafuta, na Mfereji wa Suez haukufungwa.

"Mfereji ulikuwa unalindwa na nani?" mama akauliza.

"Waingereza, bibi."

Mama akatikisa kichwa na kuendelea na tasbihi yake. Tarehe 5 Mei 1936 Waitalia waliingia Addis Ababa. Mwezi uliofuata Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, alisimama mwenyewe mbele ya Ligi huko Geneva kuwaambia mataifa kilichowapata watu wake, pamoja na gesi ya sumu waliyomwagiwa. Hitler alikuwa anatazama yote haya. Na tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kwa siku, Haile Selassie alirudi mji mkuu wake, baada ya kampeni ambayo Keya kutoka Afrika Mashariki walikuwamo. Nawezaje kumwambia mtoto wa Bombo apite hapo kwa mstari mmoja?

Kwenye 1939 alikosea. Aliandika mkataba wa Hitler na Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, tarehe 23 Agosti, akaandika Ujerumani kuivamia Poland tarehe 1 Septemba, akaandika Uingereza na Ufaransa kuingia vitani tarehe 3. Akasahau Warusi kuingia Poland kutoka mashariki tarehe 17 Septemba. Nikamweleza habari ya Wapolandi wa Masindi. Niliwahi kwenda Nyabyeya, karibu na msitu wa Budongo, kufunga sola, nikaliona kanisa walilolijenga. Wapolandi wale, wengi wao wanawake na watoto, walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kutoka mashariki ya nchi yao hadi Siberia na Kazakhstan. Baadaye wakatolewa, wakapitia Uajemi, na kuanzia 1942 maelfu yao wakaletwa Uganda, kwenye kambi ya Nyabyeya na ile ya Koja kando ya ziwa, upande wa Mukono. Kama ni Hitler peke yake aliyeivamia Poland, watu hao walifikaje Siberia? Akachukua chaki akaandika 17 kwa nguvu hadi ikakatika.

Adhuhuri ilipopita, sharti la lugha likaisha. Nikamtolea swali, nikampa dakika 45: tano za kupanga, arobaini za kuandika. Umeme ulikuwa umekatika na mawingu yametia giza chumbani, akaandikia chini ya taa ya sola kutoka kibandani. Insha ya kwanza ilirudia tabia ya orodha kuanzia aya ya tatu. Kiingereza kilimvuta tena kwenye daftari. Nikamwambia kila aya ianze na jibu la bibi, hata kama bibi hajui Kiingereza. Ya pili ilisimama.

Wakati anaandika, mama alienda chumbani akarudi na kopo la chai ambalo sijaliona kwa miaka. Ndani mna nyota ya shaba ya baba yake, na utepe wake wa bluu iliyokoza, nyekundu katikati na mistari ya rangi ya chungwa. Ni nyota ya Burma, nishani ya waliopigana huko. Nyuma haina jina. Babu alikuwa Keya, na mwaka 1944 alikuwa miongoni mwa askari wa Afrika Mashariki walioshuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, matope hadi kiunoni na malaria, hadi Desemba walipovuka mto Chindwin. Kwa mama hakuwahi kusimulia risasi hata moja. Alisimulia mvua tu. Mama alizaliwa mwaka wa kwanza baada ya yeye kurudi.

Jumatatu mpwa wangu aliondoka kabla ya saa kumi na mbili, hata chai hakumaliza. Karatasi zilirudi Alhamisi. Swali la miungano amepata 18 kati ya 25, na pembeni ya aya ya Italia mwalimu ameweka vema mbili. Swali la pili, la kushindwa kwa Ligi ya Mataifa, amepata 13. Alikaa Ethiopia mno, akaacha nafasi ndogo kwa kujitoa kwa Japani na Ujerumani na kwa Marekani ambayo haikuingia kabisa. Kosa hilo ni langu na nimemwambia hivyo.

Tulikuwa tunazisoma karatasi hizo kwenye benchi, mama kati yetu, kopo lile bado liko dirishani. Akasubiri tumalize. Kisha akauliza kama Hitler alikuwa Ujerumani, baba yake alipelekwa Burma kupigana na Mjapani kwa kosa gani.

Mpwa wangu alinitazama, nami sikusema kitu. Akachukua kitambaa, akafuta mlango wote, na juu kabisa akaandika 1931, Manchuria, pale Mjapani alipoivamia China.